Nati Yenye Kona Sita

Kama umewahi kucheza San Andreas, kuna duka moja ulilipita hata kama hukulitazama. Linauza donati na linaitwa Tuff Nut Donuts. Juu yake imewekwa nati kubwa, ile ya chuma inayokazwa kwa spana. Ni utani wa waliotengeneza mchezo: donati, nati. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 2004 nati ile ilikuwa na kona sita, kama nati yoyote utakayoikuta kwa fundi wa pikipiki pale Kamembe. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ilirudisha mchezo sokoni ukiwa na picha safi za HD. Kila kitu kililainishwa, na nati nayo ikatoka bila kona. Ikawa duara tu. Utani ulikufa, na aliyeanza kucheza mwaka huo hakuweza kujua kwamba kuna kitu kilipotea.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Gihundwe. Wageni wajue kwamba huku kwetu ukisikia Nyagatare ni kituo cha mpito, si ile wilaya ya mashariki. Watu wanavuka Rusizi kutoka Kongo, wanalala hapa siku kadhaa au miezi kadhaa, kisha wanapelekwa kambini. Kazi yangu ni kukaa na vijana wao: mpira, mazungumzo, kusoma, na michezo ya video pale umeme unapokubali. Katika insha hii nataka kueleza historia ya watu wanaoipenda michezo ya zamani hadi wanaitengeneza upya kwa mikono yao. Najua wengine watasema, vita hivi vyote na wewe unaandika habari za gemu? Naomba uvumilivu. Jambo lenyewe linatuhusu kuliko linavyoonekana.

Tuanze na mashine. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu mwaka 2000 na iliendelea kutengenezwa hadi karibu na 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Nyingi kati ya zile zilizofika huku kwetu zilikuwa zimeshatumika kwingine, nyaya za maneti zimefungwa gundi, CD ni za kukopi. Mtoto analipa faranga zake, anacheza mechi moja, anampisha mwenzake.

Sasa, mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya MB 32 tu. Picha moja unayopiga leo kwa simu ya kawaida inaweza kuchukua MB 3 au 4. Yaani picha kumi za simu yako zingeijaza kumbukumbu yote, na humo humo ilibidi vipite mji, magari, watu na muziki. Waliwezaje? Waliweza kwa kupunguza. Ukuta kwenye mchezo ni kama boksi la katoni lililobandikwa picha ya ukuta. Fundi anapiga picha nzuri ya ukuta wa kweli, halafu anaiminya hadi inakuwa ndogo kama stempu, ndipo anaibandika. Kwenye TV za zamani, zile zenye kichogo, hukuona kasoro kwa sababu kioo chenyewe kilikuwa kinachanganya rangi. TV bapa zilipokuja, stempu ikavutwa kufunika ukuta mzima, na kila mtu akaona ukungu.

Hapo ndipo mashabiki walipoingia. Wengi wao waliijia mpira. Winning Eleven, ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la PES, ilikuwa ya Konami ya Japani, na timu nyingi humo zilikuwa na majina ya uongo kwa sababu Konami hawakuwa na haki za majina ya kweli. Mashabiki wakaanza kushona viraka, au pachi kama wanavyoita: jezi za msimu mpya, majina sahihi, nyuso za wachezaji. Kule Brazili kiraka kimoja, Bomba Patch, kikawa maarufu sana. Watu wa huko walinunua CD zake barabarani wakiwa na timu zao za nyumbani ndani. Huku Afrika Mashariki mambo hayakuwa tofauti, ila mashine ilibadilika. Mwaka 2012 ilitoka programu ya PPSSPP inayofanya simu icheze michezo ya PSP, na leo PES zenye Simba na Yanga zinatembea kutoka simu hadi simu. Konami hawakuziweka. Vijana ndio waliziweka, kwa sababu hawakuona kwa nini wacheze kila siku na timu za mbali.

Wengine hawakutosheka na jezi. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani inayoitwa Valve ilitoa Half-Life. Miaka michache baadaye mashabiki wakaanza kuujenga upya mchezo wote kuanzia chini, wakauita Black Mesa. Toleo la kwanza walilitoa bure mwezi wa tisa 2012. Valve hawakuwafukuza. Waliwaruhusu hata kuuza kazi yao, nayo ikakamilika mwaka 2020. Kwa upande mwingine kuna Milton Guasti wa Argentina. Alitumia miaka mingi kutengeneza upya Metroid II, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1991 uliokuwa hauna hata rangi. Aliutoa mwezi wa nane 2016, Metroid ilipotimiza miaka 30. Siku chache tu na Nintendo wakaagiza uondolewe. Mapenzi ni yaleyale na kazi ni ileile, lakini mmoja alifunguliwa mlango na mwingine akafungiwa. Baadaye Guasti aliajiriwa na watengenezaji wengine wa michezo, kwa hiyo mikono yake haikukaa bure.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Resident Evil 4. Capcom ya Japani waliitoa mwezi wa kwanza 2005, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeingia PS2. Wasomaji wa Nyabiheke watakumbuka: ndio mwaka kambi yao ilifunguliwa. Mwanaume mmoja, Leon, anatumwa kumtafuta binti ya rais wa Marekani katika kijiji cha Hispania ambako watu wameharibika akili. Mawe ya kijiji kile, milango, zulia la kasri, vyote vilitokana na picha za vitu vya kweli zilizominywa hadi kuwa stempu, kama nilivyoeleza.

Mwaka 2014 Capcom walitoa toleo la kompyuta wakisema ni HD kamili. Mashabiki wawili, Albert Marin na Cris Morales, waliliangalia wakaona bado lina ukungu sehemu nyingi. Wakaanza kulirekebisha wenyewe. Iliwachukua miaka 8 hivi. Kiraka kamili kilitoka tarehe 2 mwezi wa pili 2022, bure, kwa yeyote aliyenunua mchezo ule wa 2014.

Kilichowachukua miaka yote hiyo ni njia waliyochagua. Tangu mwishoni mwa 2018 zilienea programu za akili bandia zinazokuza picha ndogo. Unaipa stempu, inakurudishia picha kubwa. Lakini programu haijui ukuta ulikuwaje. Inabahatisha, kwa kuangalia kuta nyingine elfu ilizofundishwa. Marin alifanya kinyume. Alitafuta picha za awali ambazo stempu zilitokana nazo. Pale ambapo hazikupatikana, alitafuta jengo lenyewe. Alisafiri katika Hispania na hadi Wales, akasimama mbele ya jiwe lilelile, mlango uleule, akaupiga picha upya. Hebu fikiria: mtu anapanda ndege kwa ajili ya jiwe ambalo mchezaji atalikimbia kwa sekunde mbili huku anafukuzwa na mtu mwenye shoka.

Nilipowasimulia vijana wangu, mmoja akauliza, «Yaya, sasa huyu alipata nini?» Mwenzake akamjibu kabla yangu: «Alipata ile ukuta.»

Kuna na kipande cha pili cha kisa hiki. Judy Juracek ni mbunifu wa Marekani ambaye mwaka 1996 alichapisha kitabu cha picha kiitwacho Surfaces: mbao, mawe, vioo, vyuma vyenye kutu. Kilikuja na CD. Mwezi wa sita 2021 aliwashtaki Capcom katika mahakama ya Connecticut, akidai kwamba picha zake zisizopungua 80 zilitumika ndani ya michezo yao bila leseni, Resident Evil 4 ikiwemo. Mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama. Nakitaja kisa hiki kwa sababu tunapenda kusema kitu ni cha kampuni, basi. Kumbe nyuma ya ukuta wa mchezo kuna ukuta wa kweli, na nyuma ya picha kuna mtu aliyesimama pale na kamera.

Turudi San Andreas. Mwaka huohuo wa 2021 Take-Two, kampuni mama ya mchezo huo, ilikuwa inawabana mashabiki. Viraka vingi vya mashabiki viliondolewa kwa amri yao, na mwezi wa tisa wakawashtaki vijana waliokuwa wamefumua na kuandika upya programu za GTA III na Vice City. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, likatoka toleo lao rasmi la HD. Nati haikuwa peke yake. Watu walionekana na nyuso za plastiki. Maandishi ya vibao yalitoka yamekosewa. Mvua ilionekana kama nyuzi nyeupe mbele ya macho. Wiki moja tu na kampuni ikaomba radhi hadharani.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la ukungu. Mchezo wa zamani ulikuwa na ukungu wa rangi ya machungwa kwa mbali, kwa sababu mashine haikuweza kuchora mji mzima kwa wakati mmoja. Ukungu ule ulifanya nchi ya San Andreas ionekane haina mwisho. Toleo jipya liliuondoa. Ukipanda ndege unaiona nchi yote chini, na kumbe ni ndogo: miji mitatu imekaa karibu karibu kama sahani mezani. Wachezaji walilalamika, na baadaye ukungu ukarudishwa.

Mtu wa kambini analielewa hili haraka. Kiziba ipo tangu 1996. Wapo watu wazima waliozaliwa pale ambao wanaijua Kongo kwa ukungu wa mama zao tu: ng'ombe wengi, mlima mrefu, maziwa matamu. Siwezi kusema ukungu ule ni uongo. Mama alichora alichoweza kubeba alipokuwa anakimbia, na kilichobaki akakifunika kwa upendo. Ukiuondoa kwa nguvu hupati ukweli zaidi, unapata milima midogo na mama aliyenyamaza.

Kabla sijafika kwetu kabisa, niseme jambo ambalo HD haiwezi kulirekebisha. Mwaka 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5. Safari hii kijiji kilihamishiwa Afrika, katika mji wa kubuni unaoitwa Kijuju, ambao mchezo unauweka Afrika Magharibi. Adui wanaitwa Majini. Ndiyo, majini, wingi wa jini. Na wanapokukimbilia na mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi! Tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007 watu walilalamika: mzungu mwenye bunduki anamaliza Waafrika kijiji kizima. Mwaka 2016 mchezo ulitolewa tena kwa mashine mpya, picha safi zaidi. Majini wanaonekana vizuri zaidi, na bado wanazungumza lugha yetu mahali ambapo si pake. Picha ikiwa safi haina maana kwamba habari ni ya kweli. Wakati mwingine uongo ndio unaosafishwa.

Kwa hiyo nina mambo matatu mezani: stempu iliyominywa, mashine inayobahatisha, na mtu aliyerudi ukutani. Sasa niseme kwa nini nayaandikia humu, ambako wanasoma wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika pamoja.

Kijana anafika. Anakaa mbele ya mtu mwenye fomu. Anaeleza: soko lilivyofungwa ghafla, shangazi aliyerudi kuchukua funguo, mbwa aliyewafuata hadi mtoni, ugomvi wa baba na jirani ambao ulianza kabla ya vita na ndio uliofanya jirani asiwafungulie. Anaongea nusu saa. Kwenye karatasi vinabaki vitu vitatu: amekimbia mapigano, ametengana na ndugu, anahitaji msaada. Hakuna neno la uongo hapo. Na simlaumu anayeandika. Nje kuna foleni, na fomu ina nafasi ndogo. Fomu ile ni PS2. Ina MB 32 zake, na mji wa mtu hauwezi kuingia bila kuminywa.

Shida inakuja baadaye. Miezi inapita, anakuja mtu mwingine anayetaka habari kubwa: ripoti yenye picha, filamu fupi, hotuba ya siku ya wakimbizi. Anachukua ile stempu na kuivuta. Kwenye nafasi zilizo wazi anaweka alichokiona kwa wakimbizi wengine elfu: machozi, ndoto ya kuwa daktari, tumaini. Inatoka picha kubwa na laini, na kijana akijisoma anajiona duara. Mbwa hayupo. Ugomvi wa jirani haupo, kwa sababu unachanganya watu. Nati haina kona.

Na sisi wenyewe tunajilainisha, tusijifiche. Tunajua ni habari ipi inasikilizwa. Nimewasikia wadogo wanafundishana mstarini: hiyo usiseme, itakuharibia. Mtu akishasema habari laini mara tano, mara ya sita yeye mwenyewe ataanza kusahau ile yenye kona.

Ninachoomba ni kidogo. Ukitaka kuikuza habari ya mtu, usiivute stempu. Rudi ukutani. Mhusika yupo, yuko Mahama, yuko Kigeme, ana simu. Huhitaji kwenda Wales. Muulize tena, msomee ulichoandika, na kona atakazokuonyesha uziache hata kama zinaharibu mpangilio wako. Na pale ambapo hakumbuki, paache wazi.

Sisi tumeanza kujaribu kwa njia yetu. Kompyuta za kutengeneza gemu hatuna, lakini katoni zipo. Vijana waliotoka Bukavu wanachora mitaa yao, kila mmoja kipande chake, kisha tunaunganisha ukutani: Kadutu, Ibanda, Bagira. Waliotoka Uvira wana upande wao. Kanuni tulizikopa kwa Albert Marin. Usichore nyumba ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Usipamba. Ukibishana na mwenzako, msimalize kwa kura, mtafuteni mtu mzima aliyeishi pale.

Kuna njia ya ngazi Kadutu ambayo mama wawili waliibishania mchana mzima. Mmoja anasema ngazi zilikuwa za mawe, mwingine anasema ni udongo uliochongwa na mvua. Tumechora zote mbili, moja juu ya nyingine, na kila mama anajua ya kwake. Kijana mmoja alichora mtaa wao mzuri sana, hadi mfereji na kibanda cha vocha, ila nyumba yao akaiacha nyeupe. Alikuwa na miaka 4 walipotoka. Wenzake walitaka kumsaidia wamjazie paa. Alikataa. Alisema atamngoja dada yake mkubwa, yuko kambi nyingine, yeye ndiye anajua paa lilikuwa bati au vigae.

Sehemu kubwa ya ramani bado ni nyeupe. Kama wewe msomaji uliishi nyuma ya soko la Kadutu, au unaujua Mulongwe wa Uvira kabla ya mafuriko na vita, pita hapa Gihundwe ukipata nafasi, au mtume mtu na karatasi. Andika kilivyokuwa, na kona zake.